Kabla Hamjauliza Tena "Mama Unamchukua Lini?"

Ndugu zangu wa Tanga,

Kila harusi na kila msiba, swali ni lilelile: mama unamchukua lini? Shangazi ananiuliza kwenye simu, wapwa wanaandika kwenye kundi la ukoo, na juzi mmoja akamalizia, "Au mke ndiye hataki?" Mke hahusiki. Naomba niwajibu wote kwa pamoja.

Huku Canada, mzazi hachukuliwi kwa sababu mtoto ameomba. Mara ya mwisho serikali kupokea majina mapya ya wanaotaka kudhamini wazazi kwa ukaazi wa kudumu ilikuwa Oktoba 13 hadi Novemba 3, 2020. Wiki tatu tu. Baada ya hapo ni bahati nasibu, na hadi 2025 walikuwa bado wanaokota majina kwenye orodha hiyohiyo ya 2020. Aliyefika baadaye, hata awe na mshahara wa waziri, hana pa kujiandikisha.

Aliyeokotwa naye anaonyesha mapato ya miaka mitatu mfululizo kwenye hesabu za kodi, na kima kinapanda kwa kila kichwa: yeye, mke, watoto, baba, mama. Kisha anatia saini dhamana ya miaka 20. Ishirini, jamani (Quebec ni 10). Mzazi akipokea msaada wa ustawi wa jamii ndani ya muda huo, mdhamini ndiye anayedaiwa. Kufukuzwa kazi hakuifuti dhamana, wala talaka.

Hata hivyo nashukuru siko Marekani. Kule mwenye kadi ya ukaazi hawezi kumdhamini mzazi mpaka awe raia, na kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha, mwenzetu wa huko hulazimika kuuacha Utanzania ili amlete mama. Hapa kadi ya ukaazi inatosha.

Kuna na hili ambalo wazee hawapendi lisemwe. Fomu inamtaka baba ataje watoto wake wote wanaomtegemea, walio chini ya miaka 22 na hawajaoa wala kuolewa, hata wasiosafiri naye. Na wa nje pia. Asiyetajwa leo, kwa kawaida baba hataweza kumdhamini kesho. Mke wa kusafiri naye ni mmoja. Mwenye wawili ajue mapema.

Sasa mnisikilize vizuri. Mimi naona mama anafaa zaidi kwa ile viza ya wazazi wanayoiita super visa. Haina bahati nasibu. Tangu Julai 2022 mzazi anaruhusiwa kukaa hadi miaka mitano kila anapoingia, na akitaka kurudi anarudi. Mkaazi wa kudumu yeye anatakiwa awe ndani ya nchi siku 730 katika kila miaka mitano, na mama yetu mnamjua: hakosi Maulidi, hakosi matanga, na mihogo yake ya Pongwe hamwachii mtu. Ubaya wa viza hii ni matibabu. Hospitali za serikali hazimhudumii bure kama mkaazi, kwa hiyo lazima anunuliwe bima ya dola zisizopungua 100,000, na kwa mtu mwenye sukari na presha bima hiyo ni ghali. Hiyo niachieni mimi.

Ninyi nisaidieni karatasi. Cheti changu cha kuzaliwa kina majina mawili ya mama, pasi yake ina matatu, na herufi hazifanani. Nendeni RITA mkalitengeneze hilo mwezi huu, maana ofisa wa viza akitilia shaka uzazi wetu ataomba kipimo cha DNA.

Na kabla hamjaenda popote, muulizeni mwenyewe kama anataka kuja, mimi nikiwa sipo kwenye simu. Mimi kila nikimuuliza hunijibu, "Utakavyo, mwanangu."