Mombasa Kufika Rahisi, Kuingia Kazi

GATINI na Salma Mwinyi

Muulize mtu aliyetoka Nairobi jana amefikaje Mombasa, atakutajia treni, basi au ndege. Kisha muulize amefikaje Kisauni, humo humo Mombasa. Hapo ataguna kwanza ndipo akujibu.

Treni ya SGR ilianza kubeba abiria Juni 2017, na sitajifanya siipendi. Ni safi, inaondoka kwa saa yake, na zile kilomita 480 hivi inazimaliza kwa saa tano hadi sita. Ile ya zamani ilitoka Nairobi jioni ikafika kesho yake asubuhi, ikiamua kufika. Mara nyingine adhuhuri ilikukuta ungali njiani, na hakuna aliyekuomba radhi. Lakini ilikushusha mwisho wa barabara ya Haile Selassie, ndani ya kisiwa, ukajitwika begi lako na kutembea hadi Mwembe Tayari. Ya sasa inakuacha Miritini, bara. Umeshalipa shilingi 1,500 za behewa la kawaida (zilikuwa 1,000 kabla ya Januari 2024), na nje ya geti unaanza kulipa upya.

Mtihani hasa ni treni ya usiku, ile inayoondoka Nairobi saa nne. Inakufikisha kabla ya alfajiri, na wakati huo nauli ni ile atakayoitaja mwenye gari. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi hana nguvu za kubishana bei gizani. Atalipa. Halafu tutaambiwa safari ya treni ni nafuu, kwa sababu anayeandika ripoti ameishia kuhesabu kwenye geti la kituo.

Walisema SGR itayaua mabasi. Haikuyaua, na sababu si ngumu kuiona. Basi linakesha njiani likipishana na malori, na maafa ya barabara ile sote tunayajua, lakini linakushusha Mwembe Tayari, kwenye matatu za kila upande na chai ya moto. Anayekwenda Malindi anasogea Bondeni tu. Abiria wengi hawanunui mwendo kasi, wananunua mahali pa kushukia.

Ndege nayo haimalizi saa nzima angani kutoka Nairobi. Ukishuka uwanja wa ndege wa Port Reitz unakutana na malori ya bandari pale raundabauti ya Changamwe, na siku mbaya safari ya kwenda Nyali inalingana na ile ya angani. Zaidi ya hapo sina la kusema. Wenye ndege wana watetezi wao.

Barabara kubwa tuliyojivunia miaka hii, Dongo Kundu, ni ya kuikwepa Mombasa. Sikatai uzuri wake. Daraja la Mteza pekee lina urefu wa zaidi ya kilomita 1.4, na mtalii wa Diani anatoka Miritini hadi Kwale bila kuiona feri ya Likoni. Ila muuza samaki wa Likoni mwenye duka Mwembe Kuku, kisiwani, hana haja ya kuzungukia Miritini ili afike ng'ambo anayoiona kwa macho yake. Yeye bado anangoja Likoni pamoja na maelfu wenzake. Feri inamvusha bure anayetembea kwa miguu, na hilo lisiguswe.

Kinachonishangaza ni kwamba kisiwa kizima kimezungukwa na maji na sisi tunayatazama kama ukuta. Zamani wageni wa Ghuba walikuja na kaskazi, wakarudi na kusi. Walingoja miezi, lakini jahazi liliwashusha Bandari ya Kale, hatua chache kutoka sokoni. Leo hori ya Tudor inapanda hadi Mikindani, si mbali na Miritini, na hakuna boti ya abiria yenye ratiba inayopita humo. Sisemi vyombo vya kubahatisha. Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu 272. Anayetaka kutupitisha majini na aanze na jaketi za kuokolea na idadi ya abiria inayoheshimiwa, kisha ndipo azungumzie injini.

Shirika la Reli lina mradi wa kuifufua reli ya kisiwani na kuiunganisha na Miritini. Vyema. Swali langu si nani atakata utepe. Naitaka ratiba: je, kuna behewa litakalongoja treni ya usiku ikichelewa nusu saa? Tiketi ya Nairobi itafika hadi mjini, au tutapanga foleni nyingine?

Na hili halihitaji mkandarasi wala mkopo: kila treni inapoingia ikute magari matatu, moja la Likoni, moja la Bamburi kupitia Kisauni, moja la mjini, nauli imeandikwa ubavuni kwa herufi za kusomeka gizani. Yawe ya kaunti au ya sako za matatu, mimi sina ubaguzi. Treni ikijaa hushusha zaidi ya watu 1,000 kwa mpigo, na mwenye gari atakayeshindwa kupata abiria hapo atafute kazi nyingine.