Dawa ya mtoto si ya sungura

AFYA NYUMBANI KWETU, SEHEMU YA 14

 Poleni na baridi huku kwetu Mbulu. Na ninyi wa Katesh, najua upepo wa mlimani hauwapi nafasi.

Leo naongelea sungura. Najua kuna atakayesema nesi ameishiwa mada. Subiri kidogo, mama, mpaka mwisho utaona hii mada inagusa mpaka kabati lako la dawa.

Nimeleta mada hii kwa sababu napokea ujumbe unaofanana kutoka Dongobesh, Haydom, Endasak, Basotu. Mtoto amenunuliwa sungura mnadani, au amepewa na babu yake. Amempa jina, anamkatia majani kila akitoka shule. Halafu sungura anavimba tumbo, anaharisha, anapona. Baada ya wiki 3 anaumwa tena. Mwezi unaofuata tena. Na mwisho wa ujumbe huwa kuna swali hili: "Nesi, nimpe ile amoksilini iliyobaki ya mtoto? Kijiko kizima au nusu?"

Jibu langu: usimpe hata tone.

Na maoni yangu nayasema wazi. Sungura anayeumwa tumbo kila mara, mara nyingi hakosi dawa. Anakosa nyasi, anakosa maji, na anakosa mtu wa kumfuatilia. Na mkono unaokimbilia chupa ya dawa iliyobaki kwa ajili ya sungura, ni ule ule unaokimbilia chupa hiyo mtoto akikohoa.

Mimi ni muuguzi wa binadamu, mwenye mifugo ana daktari wake. Lakini haya ya leo ni mambo ya msingi ambayo kila nyumba yenye sungura inatakiwa kuyajua.

KWA NINI AMOKSILINI INAMUUA

Tumbo la sungura si kama letu. Nyuma ya utumbo wake mwembamba kuna mfuko mkubwa ambao ndani yake majani yanachachuka, kama pipa la togwa. Wanaochachusha ni bakteria wazuri. Bila hao, sungura hawezi kuishi kwa majani.

Ukimnywesha amoksilini, ampisilini au dawa nyingine za jamii ya penisilini, unawaua hao bakteria wazuri. Wabaya wanabaki na nafasi, wanaongezeka haraka na kutoa sumu. Sungura anaharisha vibaya na anaweza kufa ndani ya siku chache. Sasa wewe unafikiri ugonjwa umemshinda, kumbe ni dawa.

Dawa ambayo inamponya mtoto nimonia ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumuua sungura wake. Na usidanganyike na kipimo kidogo. Shida hapa si wingi tu, ni kwamba dawa hiyo haikutakiwa kupita kwenye utumbo wake kabisa. Daktari wa mifugo anazo dawa zinazomfaa sungura, na anajua ipi ni ya sindano na ipi ni ya kunywa. Mwachie yeye.

TUMBO LINARUDI KWA SABABU CHAKULA HAKIJABADILIKA

Hebu tuangalie sungura wa kwetu anakula nini. Asubuhi pumba za mahindi. Mchana majani ya kabichi. Jioni mtoto anampa kipande cha chapati au ugali uliobaki, maana anampenda. Nyasi anapewa zikipatikana.

Hapo umepindua mambo. Kwa sungura mkubwa, nyasi ndiyo ugali wake. Karibu chakula chake chote kwa siku kinatakiwa kiwe nyasi, na ziwepo muda wote. Nyuzi za nyasi ndizo zinazosukuma utumbo utembee. Pia zinasaga meno yake, maana meno ya sungura huota maisha yote. Asipotafuna nyasi meno yanazidi urefu, yanamchoma mdomoni, anaacha kula, na utumbo unasimama. Pumba, mkate na ugali vikizidi vinachachuka vibaya na kuleta gesi. Na sungura hawezi kutapika wala kucheua kama ng'ombe ili apate nafuu. Kilichoingia kimeingia.

Kwenye hadithi tulizosimuliwa utotoni, Sungura ndiye mjanja wa porini, anamzidi akili hata Simba. Bandani hana ujanja wowote. Anakula ulichompa.

Basi fanya hivi:

1. Kausha nyasi. Kata nyasi safi kabla hazijakomaa sana, zianike, zigeuze, zikikauka zihifadhi mahali pasipo unyevu. Nyasi zenye ukungu tupa. Wa Hanang mkivuna ngano, mabua yake yanafaa kutandika bandani, lakini yasiwe ndiyo chakula kikuu, lishe yake ni ndogo.

2. Mvua zinapoanza, usimhamishe ghafla kutoka nyasi kavu kwenda majani mabichi. Ongeza kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Na yale majani yaliyorundikwa yakiwa yameloa mpaka ukiingiza mkono unasikia joto, usimpe. Yameshaanza kuchachuka.

3. Mpe maji. Ule usemi kwamba sungura hanywi maji eti majani yanamtosha, jamani tuuache. Sungura wa kilo 2 anaweza kumaliza glasi nzima kwa siku, na akila nyasi kavu anahitaji zaidi. Asipokunywa, kilichoko tumboni kinakauka na kuganda.

4. Usimpe majani ya parachichi, ya viazi mviringo wala ya nyanya. Na sisi watu wa Mbulu tunaolima vitunguu swaumu, tusione kwa kuwa tunawapa kuku basi na sungura apewe. Vitunguu vya aina zote vinamdhuru damu.

5. Unaponunua, usichukue kitoto ambacho hakijafikisha wiki 6. Kikiachishwa ziwa mapema, utumbo wake haujakomaa na kuharisha ni rahisi. Muulize muuzaji alikuwa anakipa nini, uendelee nacho kwanza huku ukibadilisha taratibu.

6. Banda liwe juu, sakafu ipitishe kinyesi na mkojo, na upande mmoja kuwe na ubao wa kupumzishia miguu. Safisha kila siku. Sungura wadogo wengi huharisha kwa sababu ya kokside, vijidudu vinavyotoka kwenye kinyesi na kurudi mdomoni kupitia chakula kilichochafuka. Dawa yake ipo kwa wataalamu wa mifugo, lakini ukimtibu halafu banda likabaki chafu, mwezi ujao mko pale pale.

Na usishtuke ukimwona anakula kinyesi laini moja kwa moja kutoka nyuma. Hicho ni kawaida yake, anarudisha virutubisho. Usimzuie. Shida ni pale hicho kinyesi laini kinapoanza kubaki sakafuni na kumganda manyoya. Hapo ujue pumba zimezidi, au ni mnene na hajifikii, au anaumwa.

ANZISHENI DAFTARI

Mama, unakumbuka kadi ya kliniki ya mwanao? Hatuipimi siku moja tukamaliza. Tunaangalia mstari unaelekea wapi mwezi hadi mwezi. Ugonjwa unaorudi unatakiwa uangaliwe hivyo hivyo.

Chukua daftari la shilingi chache, mpe mtoto. Kila siku aandike mambo manne: amekula nini, amekunywa maji, kinyesi kikoje, na je, kuna kitu kipya alichopewa. Kinyesi kizuri ni vidonge vya mviringo, vikavu, vingi. Vikianza kuwa vidogo, vichache, au vimeunganishwa na manyoya kama shanga, tumbo linaanza kulegea hata kama bado anakula.

Baada ya miezi 2 fungua hilo daftari. Mara nyingi utaliona jibu lenyewe. Anaumwa kila baada ya siku ya mnada, kwa sababu siku hiyo hakuna wa kukata nyasi, anapewa pumba tupu. Au kila wageni wanapokuja, kila mtu anampa chake. Na kama daftari linaonyesha chakula kizuri, maji yapo, banda safi, na bado anaumwa, hapo una kitu cha kumwonyesha daktari wa mifugo. Atamkagua meno na kupima kinyesi. Umemrahisishia kazi kuliko kumwambia tu "anaumwa kila mara".

SAA YA HATARI

Sungura ambaye hajala wala kupata choo kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura. Usingoje kesho kutwa. Ukiona amejikunja kona, anasaga meno, masikio yamepoa, tumbo limekaza kama mpira, mtafute daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata yako saa hiyo hiyo. Namba yake iandike ukutani leo, sungura akiwa mzima.

Ukiwa njiani au unamsubiri: ondoa pumba na kabichi, mwachie nyasi na maji, mpe joto kwa kumfunika kitambaa. Usimnyweshe mafuta ya kula, soda wala maji ya magadi. Vinaweza kuingia kwenye mapafu, na tumbo halitapona. Tumbo likiwa limekaza, usimlazimishe kula kwa bomba la sindano, maana huenda njia imeziba.

Na akizidiwa, tafadhali msimchinje mkamla. Nyama ya mnyama mgonjwa, tena huenda amenyweshwa dawa juzi, si ya kuwapa watoto.

"NI SUNGURA TU"

Hili naambiwa sana, na silidharau. Kuna nyumba Yaeda Chini ambayo kufika zahanati tu ni safari, sembuse kumtafuta daktari wa mifugo kwa ajili ya sungura mmoja. Pesa ya nauli ni unga wa wiki. Sitakuhukumu ukishindwa.

Lakini angalia nilichoomba hapo juu. Nyasi zipo. Maji ni glasi moja. Daftari ni la bei ndogo. Kufagia banda ni dakika 10. Sehemu kubwa ya tiba ya ugonjwa huu ni kazi ya mikono, na ndiyo maana nasema watu tunaikwepa. Kumimina kijiko cha dawa ni rahisi kuliko kukausha nyasi.

Na hapa ndipo ninaporudi kwa mtoto wako. Mtoto akiandikiwa amoksilini siku 5 kwa nimonia, ni siku 5. Kama siku ya 3 ameacha kukohoa sana na wewe ukaigawa dawa, nusu kwa mdogo wake, kijiko kwa sungura, umemwacha mgonjwa hajapona na umefundisha vijidudu namna ya kuishi na dawa. Huo ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA. Tanzania imekuwa na mpango wa kitaifa wa kupambana nao tangu 2017, na mpango huo unahusu binadamu na mifugo kwa pamoja, kwa sababu vijidudu havijui mpaka wa nyumba na banda.

Mtoto mwenyewe akiharisha, mara nyingi hahitaji antibiotiki. Anahitaji ORS, zinki kwa siku 10 hadi 14, na aendelee kunyonya na kula. Akiwa na damu kwenye choo, macho yamezama, hanywi au amelegea, mlete haraka. Dawa iliyobaki kabatini isiwe jibu la yeyote kati yao. Irudishe kituo cha afya au uliza duka la dawa watakuelekeza.

Na kila mtoto akitoka bandani, anawe mikono kwa maji na sabuni. Anambusu sungura, halafu anashika kiporo. Mnawajua watoto wenu.

Mtoto anayejifunza kuangalia kinyesi cha sungura wake kila asubuhi, akasema "mama, leo ni vidogo, kuna kitu hakiko sawa," huyo amejifunza jambo ambalo hata sisi wodini tunalihitaji kila siku: kumwona mgonjwa kabla hajaanguka. Mimi namtaka huyo aje awe nesi mwenzangu.

Wiki ijayo, sehemu ya 15: dawa gani zinatakiwa ziwepo nyumbani kwako, na zipi uzitoe leo. Kabla ya hapo, mama, nenda kaangalie kabati.