Mbolea nyingi si tumbaku nzuri

WAKULIMA wengi wa tumbaku ya mvuke wilayani Urambo, Kaliua na Sikonge, mkoani Tabora, huamini kuwa mfuko mmoja zaidi wa mbolea huongeza fedha siku ya soko. Hesabu ya shambani inaonyesha vingine.

Mkulima hukopeshwa mbolea kupitia chama chake cha msingi, na deni lake huhesabiwa kwa mifuko. Malipo hayahesabiwi hivyo. Mnunuzi hulipa kwa kilo na kwa daraja la jani. Jani lililovunwa bichi hupangwa daraja la chini, lakini deni hubaki lile lile.

Kiini cha tatizo ni naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa NPK 10:18:24 una kilo 5 tu za naitrojeni. Mfuko kama huo wa CAN ya asilimia 27 una kilo 13.5, na wa urea, ambayo baadhi hubakiza kwenye mahindi wakaihamishia kwenye tumbaku, una kilo 23. Naitrojeni ikizidi, jani huendelea kukua wakati lilipaswa kuiva. Likiingizwa kwenye bani hukauka na ukijani, nikotini hupanda na sukari hupungua. Potasiamu husaidia jani kuungua vizuri, lakini ile yenye kloridi huharibu sifa hiyo.

Hata hivyo, maji ndiyo yanayoamua mbolea itafanya kazi gani. Tabora hutegemea mvua za Novemba hadi Aprili, na kwa wengi umwagiliaji huishia kitaluni. Mvua ikikatika katikati ya msimu, mbolea hukaa ardhini bila kutumika. Ikirudi kwa kuchelewa, mmea hunyonya naitrojeni wakati wa kuvuna umefika. Anayeongeza mbolea baada ya ukame kama huo hujiongezea hasara.

Mvua ikizidi mapema, udongo wa kichanga hupoteza naitrojeni na majani hupauka. Hapo kuongeza CAN kidogo kuna maana, mradi iwe kabla ya kukata maua.

Kwa hiyo, kuwahi kupandikiza, kuinua matuta na kuweka NPK mapema kuna faida kuliko mfuko wa ziada. Mkopo ni wa chama. Mmoja akishindwa kulipa, mzigo huwaangukia wenzake. Chama kinapoagiza mbolea, kiangalie udongo na mvua, si ukubwa wa shamba pekee.