Stendi ya ikweta isiyoipenda ikweta

KUTOKA KIBINGO
Na Ma Kokushubira

Mwezi jana mpwa wangu alilipwa pesa za kahawa, na kabla hazijalala ndani usiku mmoja alikuwa ameshapata pa kuzipeleka. Alinijia na simu mkononi. "Shangazi, tazama hii. Inakuza mara 675!" Pichani palikuwa na bomba jeupe juu ya miguu mitatu myembamba kama ya korongo, na nyuma yake anga lenye rangi za kitenge. Nikamuuliza kioo cha darubini hiyo kina upana gani. Akatafuta, akatafuta tena. Milimita 76.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua kwamba nilifundisha fizikia kabla ya kalamu hii, kwa hiyo mnivumilie. Darubini haipimwi kwa inavyokuza. Hupimwa kwa upana wa kioo au lenzi inayokusanya mwanga. Wazoefu wana kipimo chao: kila milimita ya upana inabeba kukuza mara 2, basi. Ile ya mpwa wangu ingefika 150, tena usiku ulio shwari. Hiyo 675 ni namba ya kuuzia. Galileo aliiona miezi minne ya Mshtarii mwaka 1610 kwa darubini iliyokuza mara 20 hivi.

Lakini mimi si wa kumcheka mtu. Darubini yangu ya kwanza niliichagua kwa kufuata kitabu kilichoandikwa Ulaya. Kitabu kilisema anayetaka kupiga picha za nyota anunue stendi ya ikweta. Jina likanikaa: ikweta si ndiyo kwetu? Stendi hiyo ina mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya anga, kisha mota inauzungusha polepole kuifuata nyota, na kamera inaachwa wazi dakika kadhaa bila picha kuchuruzika. Maelekezo yakasema: tafuta Nyota ya Kaskazini.

Sasa, Nyota ya Kaskazini huonekana London ikiwa juu kwa nyuzi 51. Sisi huku Karagwe tuko kama nyuzi 1.5 kusini mwa ikweta, na kwetu haichomozi kamwe, si leo wala Krismasi. Ncha ya kusini nayo inaelea juu ya upeo kwa unene wa kidole ukinyoosha mkono, yaani nyuma ya kilima na migomba ya jirani, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu hadi uitafute kwa macho ya paka. Maana yake mhimili lazima ulazwe karibu sambamba na ardhi. Stendi yangu iligoma kushuka. Nikauinua mguu mmoja kwa matofali. Kile chuma kizito cha kusawazisha kikagonga mguu mwingine, na nusura mtambo wote unilalie. Kiangazi kizima nilipambana na nati, Zohali inapita juu ya kichwa changu.

Stendi ya ikweta imetengenezwa kwa watu wa mbali na ikweta. Zipo za siku hizi zinazoshuka hadi sifuri, ila ni ghali. Ukitaka moja, swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: inashuka hadi nyuzi ngapi? Akibabaika, rudisha pesa mfukoni.

Nilichomshauri kijana ni darubini ya Dobson, inchi 6, yaani milimita 150. John Dobson alikuwa mtawa wa Vedanta huko San Francisco. Hakuwa na pesa, akawa anasugua vioo vyake kutoka kwenye vioo vizito vya madirisha ya meli, akavitia ndani ya bomba la karatasi ngumu na kuliweka bomba kwenye sanduku la mbao linalozunguka kama kiti cha kinyozi. Juu, chini, kushoto, kulia. Mwisho wa maelekezo. Panapokutana mbao na mbao aliweka vipande vya tefloni, ile ya kikaango kisichogandisha, bomba likateleza kwa msukumo wa kidole.

Kioo cha inchi 6 hukusanya mwanga zaidi ya mara 400 ya jicho lililozoea giza. Darubini kamili ya namna hiyo huuzwa ng'ambo kama dola 300 hadi 450, kabla ya usafiri na ushuru. Ndipo nikamwambia: agiza vioo na lenzi za kuchungulia tu. Sanduku la plaiwudi, mjini kwetu Kayanga kuna maseremala wangapi?

Na picha? Aanze na mwezi, kwa simu iliyobanwa kwenye lenzi ya kuchungulia. Mwezi una historia kwetu: msafiri Mwingereza Speke alipofika kwa Rumanyika mwishoni mwa 1861, aliandika kwamba mfalme huyo wa Karagwe alimuuliza kama jua la leo ndilo lile la jana, na kama mwezi hubadili sura ili kutucheka sisi wa duniani. Swali la pili mpwa wangu atalijibu mwenyewe kwa kufuata mstari wa kivuli ukipita juu ya mashimo ya mwezi usiku hadi usiku. Jua asiliguse kwa darubini bila kichujio imara kinachofunika mdomo wa bomba. Vile vidogo vya kufunga kwenye lenzi ya jicho hupasuka kwa joto, na jicho halina spea.

Anga letu lina mali ambayo Ulaya hawana. Juni saa tatu usiku, tazama kusini: lundo la nyota liitwalo Omega Centauri, ndani ya inchi 6, ni ulezi uliomwagwa kwenye kitambaa cheusi. Julai na Agosti kitovu cha Njia ya Maziwa kinapanda juu sana, ingawa moshi wa nyasi zinazochomwa hutuharibia. Novemba msijisumbue. Kuna mvua, na ikikatika kuna taa za wategaji wa senene zinazowaka juu ya mabati kana kwamba kumekucha. (Siwalaumu. Senene nazila.) Usiku wowote ule, umande wa huku hautanii: funika bomba, na kioo kikilowa kiache kikauke chenyewe, usikipanguse kwa kanga.

Seremala alimaliza sanduku wiki iliyopita. Vioo bado viko njiani, na kuku wa jirani ameshatagia humo mara mbili.