Ushujaa wa Waliobeba Vikapu

Neno shujaa limezoea umoja. Katika mihadhara ya fasihi ya Kiswahili, shujaa aghalabu ni mmoja, ana nguvu, ana jina na ana silaha. Mazoea hayo yamepenya hata katika masimulizi ya watu wa kawaida waliohatarisha maisha yao kuwaokoa watoto wa Kiyahudi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: huteuliwa mtu mmoja, akavishwa kilemba cha sifa, na wenzake wakaachwa gizani. Yaliyotokea jijini Amsterdam mwaka 1942 na 1943 yanaonyesha jinsi mtazamo huo unavyopotosha.

Ujerumani ya Kinazi iliiteka Uholanzi Mei 1940. Miaka miwili baadaye, ukumbi wa tamthilia uitwao Hollandsche Schouwburg uligeuzwa kuwa mahali pa kuwakusanyia Wayahudi kabla ya kupelekwa katika kambi ya Westerbork, na kutoka huko hadi Auschwitz na Sobibor. Ukumbi ulipofurika, watoto wadogo walitengwa na wazazi wao, wakawekwa katika kituo cha malezi kilichokuwa ng'ambo ya barabara. Kituo hicho kiliongozwa na Henriëtte Pimentel, Myahudi. Msimamizi wa ukumbi alikuwa Walter Süskind, naye Myahudi aliyehama Ujerumani. Jirani na kituo palikuwa na chuo cha ualimu cha Kiprotestanti, mkuu wake akiwa Johan van Hulst.

Mtoto hakuweza kutoroshwa kabla jina lake halijafutwa, maana kila aliyeingia ukumbini aliandikwa. Kazi ya kwanza, basi, ilikuwa ya kalamu: Süskind na wenzake walizivuruga orodha hata hesabu ikakubali uongo. Kisha mtoto alipitishwa bustanini hadi chuo cha ualimu, au akatiwa ndani ya kikapu, mkoba au gunia. Mlezi alisubiri tramu isimame mbele ya kituo, imkinge na macho ya walinzi wa ng'ambo, ndipo akatoka na mzigo wake. Vijana, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu, waliwasafirisha watoto kwa treni hadi mikoa ya mbali kama vile Friesland na Limburg. Huko walipokewa na familia ambazo zililazimika kulisha kinywa kisicho na kadi halali ya mgao wa chakula na kuwadanganya majirani kila uchao. Watoto wapatao 600 waliokolewa kwa njia hizo.

Shujaa ni yupi hapo? Taasisi ya Yad Vashem, iliyoko Jerusalem, imekuwa ikiwatunuku waokoaji tangu 1963, na waliotambuliwa sasa wamepita 28,000. Van Hulst ni mmoja wao. Pimentel na Süskind hawamo, wala hawawezi kuwamo, kwa kuwa heshima hiyo ni ya wasio Wayahudi. Kanuni yenyewe inaeleweka: ni shukrani ya taifa kwa watu wa nje waliojitolea pasipo kulazimika. Hata hivyo, mwanafasihi hafungwi na kanuni ya medali. Akiifuata bila kuihoji, ataishia kusimulia kisa ambamo Myahudi ni wa kuokolewa tu, ilhali Pimentel alikamatwa Julai 1943 na kuuawa Auschwitz miezi miwili baadaye, naye Süskind, aliyewaponya watoto wa wenzake, alimpoteza mkewe na bintiye huko huko Auschwitz kabla yeye mwenyewe hajafa mwaka 1945.

Msomaji wa utendi wa Fumo Liyongo hana sababu ya kushangaa. Liyongo hakutoka gerezani kwa nguvu za mikono yake pekee. Mama yake alificha tupa ndani ya mkate wa wishwa, na kijakazi Saada akaupitisha mbele ya walinzi. Wahakiki wameandika mengi kuhusu Liyongo. Saada, aliyebeba mkate, hutajwa kwa kupita tu.

Aidha, sifa zisifunike hesabu. Kati ya Wayahudi wapatao 140,000 waliokuwa Uholanzi, zaidi ya 100,000 waliuawa. Karani aliyepanga kadi za wakazi, polisi aliyebisha mlango usiku na dereva wa treni walikuwa watu wa kawaida vilevile. Ukawaida, kwa hiyo, hauelezi lolote. Van Hulst mwenyewe, aliyefariki mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 107, hakuzungumza kama mshindi. Kituo kilipokuwa kikifungwa Septemba 1943 aliweza kuchukua watoto 12, na hadi uzeeni alijiuliza kwa nini hakumchukua wa kumi na tatu.

Wanaosahaulika zaidi ni wazazi. Mama aliyefungwa ukumbini alikuwa na saa chache tu za kuamua kama amtoe mwanawe kwa mgeni asiyemjua, aende asikokujua. Wapo waliokubali, wapo waliokataa, na hakuna mhakiki mwenye haki ya kuwahukumu wa pili. Wengi wa waliokubali hawakurudi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, tume ya serikali ilipewa jukumu la kuamua mayatima hao walelewe na nani, na mabishano makali yakazuka baina ya jamaa wa Kiyahudi waliosalia na familia zilizowaficha watoto. Baadhi ya watoto wenyewe walikuwa wametolewa wakiwa wachanga mno, hawakuwa na kumbukumbu ya sura ya mama wala ya jina alilowaita.