Kabla ya Samatta kulikuwa na "Computer"

Wadau, kuna uongo mmoja ambao sisi waandishi tumeurudia mpaka unataka kuwa ukweli: eti Mbwana Samatta ndiye aliyewafungulia Watanzania njia ya soka la kulipwa Ulaya. Sina ugomvi na Samatta. Januari 2016 alitua Genk, Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, na Machi 1 mwaka huo akaifungia Aston Villa pale Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Heshima hiyo ni yake. Lakini njia aliikuta.

Sunday Manara, yule wa Yanga waliyembatiza "Computer", alicheza Heracles ya Uholanzi miaka ya 1970. Kutoka hapo akavuka bahari hadi Marekani, New York Eagles, na baadaye akaenda kusakata kabumbu Uarabuni. Hebu fikirini enzi hizo. Hakuna YouTube ya kumwonyesha Mholanzi chenga zako. Na hapa nyumbani soka ni la ridhaa, unacheza kwa mapenzi ya klabu, mshahara unautafuta kwenye shirika la umma.

Juzi kazi ya gazeti ilinifikisha Puge, barabara ya Nzega kwenda Tabora. Vijana wa kijiweni wanamjua hadi kipa wa akiba wa Arsenal. Nikawatajia Manara. "Haji?" Mtoto wanamjua, kwa usemaji wake Simba na kisha Yanga. Baba, hapana. Nitawalaumuje? Wangemsoma wapi?

Na hapo ni Unyamwezini jamani! Kabla Mjerumani hajatia mguu, babu zao walikuwa wakibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, mzigo wa kilo 30 hivi begani, kwa ujira wa vitambaa. Walipatana kwanza ndipo wakajitwisha, na posho ikipunjwa walijua kuutua mzigo. Mtu wa huku hahitaji somo kwamba kwenda mbali kuuza nguvu zako ni kazi. Anahitaji kuambiwa mkataba wa aliyemtangulia ulisemaje, baridi aliizoeaje, fedha ziliishia wapi.

Wakanada wana Fred "Cyclone" Taylor, wa mpira wa magongo wa kwenye barafu. Aliikataa timu moja ya Toronto, chama cha Ontario kikamfungia. Mwaka 1906 akavuka mpaka hadi Houghton, Michigan, mji wa machimbo ya shaba, kwenye ligi iliyolipa wachezaji bila kificho. Wangeweza kumwita msaliti mpaka leo. Mwaka 1947 walimwingiza kwenye Jumba la Heshima la mchezo huo, na hadi dola 5,250 alizolipwa Renfrew msimu wa 1909/10 zimeandikwa.

Sisi? TFF kimya. Magazeti yetu ndiyo usiseme: kurasa za michezo tunazijaza habari za England tulizotafsiri toka kwenye intaneti, huku watu waliocheza na Manara wakizeeka na kumbukumbu zao. Nilipopeleka wazo hili kwa mhariri, jibu lilikuwa nafasi hakuna.

Haya, hapa nafasi ipo. Mwenye picha, barua au kipande cha gazeti cha enzi za Manara Uholanzi, hata kama kimeliwa na mende, anitumie nitakiweka.