Herufi Iliyokosekana Katika Jina la Catalina

Jeshi la wanamaji la Marekani liliipa ndege yake mashuhuri ya majini jina la herufi tatu: PBY. P ilimaanisha doria, B mabomu, na Y ilikuwa alama ya kiwanda cha Consolidated kilichoiunda. Sisi wanaisimu tuna mazoea ya kuyachungua majina, na hili nimelitafakari sana, kwa kuwa kazi iliyoipa ndege hiyo heshima yake kubwa haimo kabisa katika herufi hizo. Kazi hiyo ni uokoaji.

Waingereza ndio walioiita Catalina, nao Wamarekani wakalipokea jina hilo mwaka 1941. Iliruka kwa mara ya kwanza Machi 1935. Tumbo lake lenyewe lilikuwa mashua, na kwenye ncha za mabawa palikuwa na vyelezo vilivyoshushwa wakati wa kutua, mfano wa marengu ya ngalawa. Ilikwenda takriban kilomita 200 kwa saa, na iliweza kukaa angani zaidi ya saa kumi na tano. Vitani mwendo huo wa kobe ulikuwa kasoro. Kwa anayetafuta kichwa cha mtu baina ya mawimbi, ulikuwa neema.

Aghalabu vitabu husimulia jinsi ilivyoiona manowari Bismarck ya Ujerumani Mei 1941. Mimi ningeanza na Agosti 2, 1945. Manowari Indianapolis ya Marekani ilikuwa imezamishwa na nyambizi ya Japani katika Bahari ya Pasifiki, baada tu ya saa sita za usiku, Julai 30, ikiwa na watu karibu 1,200. Kwa zaidi ya siku tatu hakuna aliyeulizia iliko, kwani utaratibu ulikuwa kuchukulia tu kwamba manowari imewasili kama ilivyopangiwa. Mamia ya mabaharia walielea huku kiu na papa wakiwamaliza, hata ndege ya doria ikawagundua kwa bahati. Rubani Adrian Marks akaenda na Catalina yake, naye alikuwa amekatazwa na amri kutua katika bahari kuu. Alipoona papa wakiwashambulia watu, aliwauliza wenzake, wakakubali, akatua katika mawimbi ya zaidi ya mita tatu. Waliwaopoa watu 56, na waliokosa nafasi ndani wakafungwa juu ya mabawa kwa kamba za miavuli. Ndege ile haikuruka tena. Walionusurika wote walikuwa 316.

Wapo watakaosema kwamba amri ile ilikuwa ya busara, maana ndege ikivunjika juu ya wimbi, wa kuokolewa huongezeka. Ni kweli. Hata hivyo, siwezi kuusifu mpango unaomlazimu mtu kukaidi wakubwa wake ili aokoe, ilhali kuua amekwisha kuruhusiwa.

Wala jambo hili si la ng'ambo peke yake. Tangu mwaka 1942 Catalina za Uingereza zilikuwa na kituo Kipevu, Mombasa, zikiwinda nyambizi. Ni Kilindini ilikoondoka meli Khedive Ismail Februari 1944, ikiwa na askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Ilipigwa karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache, na watu 1,297 wakafa. Manowari za Uingereza zilizoisindikiza zilirusha mabomu ya kulipukia chini ya maji pale pale walipokuwa wakielea walionusurika, kwa sababu nyambizi ilijificha chini yao. Wanafunzi wangu wengi hawajapata kuisikia meli hiyo, ingawa baadhi yao yawezekana ni vitukuu wa waliozama nayo.

Nyambizi zote mbili nilizozitaja zilikuwa za Japani. Leo Japani ndiyo inayorusha ndege ya majini ya kijeshi iitwayo US-2, iliyoruka kwa mara ya kwanza Desemba 2003 na ambayo huweza kutua katika mawimbi ya mita tatu. Kwa lugha yao ni *kyunan hikotei*. *Kyunan* ni uokoaji, na *hikotei* ni mashua irukayo. Rubani wake akitua baharini kumfuata baharia, hajavunja amri ya mtu.